Kiwanja Kwanza au Watu Kwanza? Ulinganisho kwa Anayetaka Jengo Linaloendana na Mahali Pake

Kamati inayotaka kujenga shule, zahanati au ukumbi, sawasawa na familia inayotaka kujenga nyumba yake, husikia kwa wasanifu majengo wa siku hizi ahadi iliyozoeleka kwamba jengo litatokana na mazingira na jamii ya mahali. Maneno hayo mawili hutamkwa kwa pumzi moja kana kwamba ni jambo moja, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Kiwanja kina madai yake: jua linakochomoza na linakozama, upepo unakotokea, maji ya mvua yanakokimbilia, udongo ulioko chini na mawe yaliyo karibu. Watu nao wana madai yao: nani atalala wapi, nani atashika ufunguo, nani atafagia, na nani atapanda juu ya paa siku bati litakapolegea. Msanifu anaweza kuyasikiliza madai ya kwanza kwa ustadi mkubwa na akawa kiziwi kwa ya pili, na kinyume chake pia hutokea. Kwa hiyo anayechagua msanifu, au anayepanga namna ya kuendesha mradi wake, anapaswa kujua kati ya hivyo viwili ananunua kipi, kila kimoja kinagharimu nini, na kipi kitalifaa zaidi jengo alilo nalo mawazoni.

Kuanzia kwenye kiwanja

Msanifu wa njia hii hukaa kiwanjani kwa muda mrefu kabla ya kushika kalamu. Hupima mteremko, huandika mwelekeo wa upepo wa kila msimu, huangalia miti imeinamia upande gani na ukuta upi wa jirani umeota kuvu, kisha huacha mambo hayo yaamue umbo la jengo.

Glenn Murcutt wa Australia, aliyepewa mwaka 2002 Tuzo ya Pritzker, tuzo yenye heshima kubwa kwa wasanifu majengo duniani, ni mfano mzuri wa kuanzia. Nyumba ya Marika-Alderton, iliyokamilika mwaka 1994 huko Yirrkala kwenye pwani ya kaskazini ya nchi hiyo, imeinuliwa juu ya nguzo ili bahari ikifurika maji yapite chini yake na siku za kawaida hewa izunguke sakafuni. Madirisha yake hayana vioo. Kuta zenyewe ni paneli za mbao zinazofunguka, mbao zilizosimamishwa wima upande wa nje hukinga jua la asubuhi na jioni pamoja na macho ya wapita njia, na kwenye mgongo wa paa la bati kuna mirija ya kutolea hewa ya moto. Anayeingia humo hahitaji kuelezwa nadharia yoyote, kwa kuwa ngozi yake itamweleza.

Jambo moja katika nyumba hiyo linastahili kusisitizwa, kwa sababu linawapotosha wengi. Vipande vyake vilitengenezwa karibu na Sydney, upande wa pili kabisa wa bara, kisha vikasafirishwa hadi kiwanjani. Kulisikiliza eneo na kutumia vifaa vya eneo ni mambo mawili, na mteja anayeambiwa kwamba jengo lake litakuwa la mahali pake kwa sababu tu mawe yametoka jirani hajaambiwa chochote kuhusu joto la vyumba vyake.

Wakati mwingine mambo hayo mawili hukutana. Katika kijiji cha Vals nchini Uswisi, Peter Zumthor alijenga mabwawa ya maji moto yaliyofunguliwa mwaka 1996 kwa takribani vipande 60,000 vya jiwe la kwazi lililochimbwa katika bonde lile lile, vikapangwa tabaka juu ya tabaka hadi jengo likaonekana kama sehemu ya mlima, limetumbukizwa ndani yake. Kijiji ndicho kilichokuwa mmiliki na ndicho kilichomwajiri msanifu. Hata hivyo, mwaka 2012 wanakijiji hao hao walipiga kura na kuuza hoteli pamoja na mabwawa kwa mwekezaji binafsi. Jengo lililofungamana na jiwe la bonde kwa kiwango hicho halikuzuia uamuzi huo, wala sidhani kwamba ilikuwa kazi yake kuuzuia. Jiwe hulifunga jengo na mlima, lakini kinachowafunga watu na jengo ni kitu kingine.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba matokeo yake yanapimika. Chumba ama kina ubaridi saa nane mchana ama hakina. Mvua ama inaingia ama haiingii. Maamuzi hufanywa na kichwa kimoja chenye ujuzi, hivyo hayakwami katika mabishano, na jengo likikamilika huendelea kufanya kazi yake hata kama wakazi wa kwanza wamehama na wengine wameingia. Gharama yake ni muda wa kitaalamu unaolipwa kabla mchoro wowote haujaonekana, jambo ambalo wateja wengi hulipa kwa shingo upande, wakidhani kwamba msanifu anayetembea kiwanjani hajaanza kazi.

Udhaifu wake umeandikwa wazi katika historia ya Gourna Mpya, karibu na Luxor nchini Misri. Hassan Fathy alianza kukijenga kijiji hicho katikati ya miaka ya 1940 kwa udongo wa papo hapo, matao ya Kinubi yasiyohitaji mbao za kushikilia, nyua zenye kivuli na minara ya kunasa upepo, na hadi leo ni vigumu kumpata mtu mwenye ujuzi wa ujenzi wa udongo ambaye hajajifunza kitu kutoka kwake. Lakini familia zilizokusudiwa kuhamia huko ziliishi juu ya makaburi ya kale ya wakuu wa enzi za mafarao, riziki yao ilitoka humo, na uamuzi wa kuwahamisha ulikuwa wa serikali. Wengi walikataa, na ni sehemu tu ya kijiji iliyojengwa. Fathy aliwajali watu wale kwa dhati na aliwaheshimu mafundi wao, hilo halibishaniwi. Swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwanzo, yaani kama watu wanataka kuhama, lilikuwa limekwisha kujibiwa na wengine kabla yeye hajafika, na hakuna ukuta mzuri kiasi cha kurekebisha kosa la namna hiyo.

Kuanzia kwa watu

Shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, ndiyo kazi inayotajwa zaidi katika njia hii, na inastahili. Diébédo Francis Kéré alizaliwa katika kijiji hicho mwaka 1965, akaenda kusoma Ujerumani, na alipokuwa bado mwanafunzi alianza kuchangisha fedha za kuwajengea wenzake shule. Wanakijiji walijenga wenyewe: watoto walikusanya mawe ya msingi, wanawake walileta maji ya kufyatulia matofali, na vijana walifundishwa kukata na kuchomelea nondo nyembamba kuwa kenchi za paa, kwa kuwa vyuma vikubwa visingeweza kufikishwa huko wala kuinuliwa bila mtambo. Kwa kazi hiyo Kéré alipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Lakini kwa anayelinganisha, tuzo si muhimu kama kilichofuata kijijini: nyumba za walimu zilijengwa, madarasa yakaongezwa, na mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa imekwisha kujifunza ufundi katika jengo la kwanza. Njia ya watu huacha nyuma yake jengo pamoja na mafundi, na hao mafundi hawaonekani katika picha za magazeti.

Mfano wa pili ni wa aina nyingine, na mimi huuona kuwa mgumu zaidi kuliko wa kwanza. Mjini Iquique nchini Chile, karibu familia 100 zilikuwa zimevamia na kukaa kwa miaka takribani 30 kwenye nusu hekta katikati ya mji, mahali paitwapo Quinta Monroy. Ruzuku ya serikali ilikuwa dola 7,500 kwa kila familia, na fedha hizo zilipaswa kutosha ardhi, miundombinu na nyumba. Alejandro Aravena na wenzake wa kampuni ya Elemental walipoziambia familia kwamba njia pekee ya kuenea hapo ni kujenga ghorofa ndefu, zilitishia kugoma kula. Suluhisho lililopatikana mwaka 2004 lilikuwa kujenga nusu ya nyumba nzuri badala ya nyumba nzima mbovu: muundo, ngazi, jiko, bafu na kuta za kutenganisha majirani vilijengwa kwa ustadi, na pembeni ikaachwa nafasi iliyo wazi ambayo kila familia ingeijaza kwa kasi yake na kwa fedha zake. Familia zilibaki katikati ya mji, karibu na kazi na shule, na kwa masikini hilo lina thamani kuliko mita za mraba.

Gando na Quinta Monroy zinafanana kwa jina tu la ushirikishwaji. Kwa Kéré watu walishiriki kwa mikono. Kwa Aravena walishiriki kwa uamuzi mwanzoni na kwa mikono baadaye, wakati msanifu amekwisha kuondoka. Anayepanga mradi anapaswa kuchagua kati ya hizo mbili bila kuzichanganya. Kazi ya mikono inafaa pale ambapo watu wana muda kuliko fedha na ambapo ufundi utakaofundishwa utapata kazi nyingine baadaye. Mahali ambapo watu wana ajira za kutwa, kuwaita kubeba matofali bila malipo ni kuwatoza kodi ya siri, na wanastahili badala yake kupewa nguvu ya kuamua.

Gharama ya njia hii ni muda wa vikao, uvumilivu wa kubadili michoro, na unyenyekevu ambao haufundishwi vyuoni. Hatari yake ni ushirikishwaji wa jina. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mtaalamu wa Marekani, alieleza ngazi ya vidato 8 vya ushiriki wa wananchi, kuanzia kidato cha chini kabisa ambapo watu wanachezewa akili hadi cha juu ambapo wanashika hatamu, na katikati akaweka kile kinachotokea mara nyingi zaidi: watu huulizwa, majibu huandikwa, na hakuna kinachobadilika. Kabla ya kumwajiri msanifu anayejisifu kwa ushirikishwaji, mwombe akuonyeshe mchoro mmoja uliobadilika kwa sababu ya kikao na akueleze ulibadilika vipi. Aliyefanya kazi hiyo kweli ana mifano mingi na huifurahia kuisimulia.

Hata ushirikishwaji wa dhati una mipaka. Ralph Erskine alipopewa kazi ya kuujenga upya mtaa wa Byker mjini Newcastle, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1960, ofisi yake ilifunguliwa ndani ya mtaa wenyewe, katika duka lililokuwa la mzika maiti, na wakazi waliingia na kutoka watakavyo. Nyumba zilizojengwa zinapendwa na zimehifadhiwa kisheria. Pamoja na hayo, kazi ilichukua zaidi ya muongo mmoja, ubomoaji ulitangulia ujenzi, na wakazi wengi wa mwanzo hawakurudi. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, lakini ratiba ya ubomoaji ilikuwa mikononi mwa wengine.

Madai mawili yanapogongana

Kisa cha Gando kina sehemu ambayo wanaosifu ushirikishwaji huipita haraka. Wanakijiji hawakutaka udongo. Walijua kwa macho yao kwamba nyumba za udongo huyeyuka msimu wa mvua, na walitarajia kwamba kijana wao aliyesoma Ulaya angewaletea zege na vioo. Kiwanja kilidai udongo, kwa kuwa ulikuwepo, ulikuwa wa gharama ndogo na ulipoza vyumba. Watu walidai saruji. Kéré hakuipigia kura hoja hiyo, wala hakuwapuuza waliompinga. Alitia saruji kidogo katika matofali, akatokeza paa nje sana ya kuta, akalinyanyua bati juu ya dari ya matofali yenye matundu ili hewa ya moto ipande na kutoka, na katika kazi zilizofuata alijenga tao la mfano ambalo watu walipanda juu yake wakaruka hadi wakaridhika. Hofu yao ilikuwa taarifa sahihi kabisa kuhusu mvua, na msanifu aliipokea kama taarifa.

Kutokana na kisa hicho, na vingine vinavyofanana nacho, nimefikia kuamini kwamba swali la nani atangulie linajibika vizuri zaidi likigawanywa. Mambo ya jua hayapigiwi kura: mwelekeo wa jengo, urefu wa paa linalotokeza, upana wa madirisha, kina cha msingi na njia ya maji ni vya kiwanja, na msanifu anayekiachia kikao kiviamue amekimbia kazi yake. Mahali pa kujenga, ukubwa wa jengo, vyumba gani vikae jirani, wapi wazee watakaa, mlango upi uwe wa mbele na nini kiachwe bila kujengwa ni vya watu, na msanifu anayeviamua peke yake amechukua kisicho chake. Kitu pekee kinachobaki katikati ni vifaa vya ujenzi, na nitakirudia.

Mgawanyo huo hausawazishi njia hizi mbili kwa kila jengo. Kwa nyumba ya familia moja ningetafuta msanifu aliyebobea katika kusoma kiwanja, kwa sababu watu wenyewe ni wachache, wanakaa meza moja na wanaweza kujisemea. Kwa shule, ukumbi au zahanati ningeanza na watu kwa miezi kadhaa kabla hata ya kupima ardhi, kwa kuwa mara nyingi kikao cha kwanza hugundua kwamba kiwanja kilichotolewa kiko mahali pabaya, na ugunduzi huo ukija baada ya michoro hauna faida. Kwa mradi wowote unaohamisha watu, sioni nafasi ya kusitasita: watu kwanza, na ikiwa hawana uwezo wa kukataa, basi msanifu mwema anapaswa kuuacha mradi huo.

Vifaa: vya hapo au vya kuletwa

Mjadala huu huendeshwa mara nyingi kwa hisia, ilhali unaweza kuendeshwa kwa swali moja la vitendo: kifaa hiki kikiharibika, nani atakitengeneza na kwa kutumia nini?

Shule ya METI huko Rudrapur, Bangladesh, iliyosanifiwa na Anna Heringer na Eike Roswag na kupata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2007, ina kuta za chini za udongo uliochanganywa na majani makavu na kukanyagwa na ng'ombe, na ghorofa ya juu ya mianzi. Wengi huiona kama ushindi wa udongo wa kale. Ukiitazama kwa macho ya fundi, utaona kwamba ushindi wake umo katika vitu viwili vidogo ambavyo nyumba za udongo za jirani hazikuwa navyo: msingi wa matofali na tabaka la kuzuia unyevu usipande ukutani. Huko Gourna Mpya, ambako udongo huo huo ulikutana na maji ya chini na chumvi, nyumba nyingi ziliharibika. Udongo hauogopi mvua kama watu wanavyodhani. Unachoogopa ni kukaa na maji miguuni na kuvaa kofia fupi, yaani paa lisilotokeza vya kutosha.

Kwa upande wa udongo, basi, hesabu ni hii: gharama ya kununua ni ndogo, gharama ya kazi ni kubwa, chumba hupoa, na ukarabati ni wa mara kwa mara lakini unawezekana kwa mikono iliyopo. Msikiti Mkuu wa Djenné nchini Mali hupakwa upya udongo na mji mzima kila mwaka, na hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake. Kamati isiyoweza kuwaza siku kama hiyo katika kalenda yake isijidanganye. Saruji na bati vya kuletwa vina hesabu iliyo kinyume: huvumilia kusahaulika kwa miaka mingi, lakini nondo ikianza kutu ndani ya zege, au bati maalumu likipasuka, ukarabati humhitaji mtu na kifaa kutoka mbali. Naona watu hukosea zaidi kwa kuchagua kifaa cha kuletwa kisichojulikana hapo kuliko kwa kuchagua saruji ya kawaida, ambayo siku hizi ina mafundi karibu kila mahali.

Jiwe mara nyingi husahaulika katika mabishano ya udongo na saruji. Hospitali ya wilaya ya Butaro nchini Rwanda, iliyosanifiwa na MASS Design Group na kufunguliwa mwaka 2011, ina kuta za jiwe la volkano ambalo wakulima wa huko walikuwa wakilitupa pembeni mwa mashamba kama kero. Waashi walilichonga hadi viungo vikawa vyembamba, na ustadi wao ukaongezeka ukuta kwa ukuta kiasi kwamba kuta za mwisho zilikuwa bora kuliko za kwanza. Ujenzi huo uliwapa ajira watu takribani 4,000. Fedha ambazo zingelipia vifaa vya kiwandani zililipia mishahara, na hiyo ni hoja ambayo kamati yoyote yenye bajeti ndogo inaweza kuipeleka kwa mfadhili bila kutaja uzuri hata mara moja.

Ndani ya jengo

Usanifu wa ndani huwekwa mwishoni katika mipango mingi, fedha zikiwa zimekwisha, na kisha hubaki rangi na mapazia. Hilo ni kosa, kwa kuwa ndani ndiko watu wanakoishi, na ndani ndiko mgawanyo kati ya kiwanja na watu unakoonekana vizuri zaidi.

Nikirejea Butaro, korido za ndani ziliondolewa na kuhamishiwa nje, ili wagonjwa wa kifua kikuu wasipitishe pumzi zao katika njia iliyofungwa pamoja na wengine. Madirisha ya juu na feni kubwa huisukuma hewa itoke. Huo ni uamuzi wa kiwanja na wa tiba kwa pamoja. Vitanda, badala ya kuelekezwa katikati ya wodi ambako mgonjwa angewatazama wagonjwa wenzake, vimeegemezwa kwenye ukuta mfupi wa kati ili kila mmoja atazame nje, kwenye vilima. Huo ni uamuzi wa mtu aliyejiuliza mgonjwa huona nini akiamka. Vitanda ni vile vile, na kilichobadilika ni upande vilikoelekezwa tu.

Katika mradi wa Iquique, familia ziliulizwa kama fedha zilizobaki zinunue hita ya maji au beseni la kuogea. Wataalamu wangesema hita. Familia zilichagua beseni, kwa sababu siku ya kuhamia hazingekuwa na fedha za gesi ya kuendeshea hita hiyo, ilhali beseni lingetumika tangu siku ya kwanza. Hakuna kipimo cha jua wala cha upepo ambacho kingeleta jibu hilo, na ndiyo maana nasema kwamba vitu vinavyoguswa kwa mkono kila siku, yaani vitasa, sinki, rafu, kimo cha benchi na mahali pa kuweka viatu, vichaguliwe na wanaovigusa.

Mjini Liverpool, kundi la wasanifu liitwalo Assemble lilifanya kazi na wakazi wa Granby, mtaa ambao ulikuwa umebomolewa sehemu kubwa na ambao wachache waliobaki walikuwa wakiupanda maua na kuupaka rangi wenyewe kwa miaka mingi. Nyumba 10 zilifufuliwa, na kifusi cha matofali kikasagwa na kufanywa mapambo ya mahali pa kuotea moto, pamoja na vigae na vitasa vilivyotengenezwa katika karakana ya mtaa. Mwaka 2015 kundi hilo lilipata Tuzo ya Turner, ambayo ni tuzo ya sanaa. Kwa anayechagua namna ya kupamba ndani, huu ni mfano wa kuweka fedha kidogo mahali pachache panapoguswa na kuonekana, badala ya kuzitawanya katika kila ukuta.

Kuhusu samani za kujengewa ukutani na samani za kuhamishika, sina maneno mengi. Jenga ukutani pale matumizi yanapojulikana kwa hakika, kama mapango ya udongo yaliyo nyuma ya madarasa ya METI ambamo mtoto anaweza kujipenyeza akakaa peke yake. Kwingineko kote acha viti na meza vihame, maana ukumbi uliosanifiwa kwa mikutano utakuwa na harusi ndani ya mwaka.

Chaguo linalosahaulika

Yote niliyolinganisha hadi hapa yanachukulia kwamba kitu kipya lazima kijengwe. Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wa Ufaransa, waliopewa Tuzo ya Pritzker mwaka 2021, wamefanya kazi miaka mingi wakihoji dhana hiyo. Katika mtaa wa Grand Parc mjini Bordeaux, wakiwa na Frédéric Druot na Christophe Hutin, walipewa maghorofa matatu ya miaka ya 1960 yenye nyumba 530, ya aina ambayo miji mingi huibomoa. Hawakubomoa. Mbele ya kila nyumba waliongeza bustani ya ndani yenye vioo na roshani, kina chake mita 3.8, na kazi ndani ya kila nyumba ilichukua siku 12 hadi 16 wakazi wakiwa bado wanaishi humo. Kazi ilikamilika mwaka 2017. Hapo kiwanja na watu hawakugongana, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuwa sehemu ya kiwanja, na jambo la kwanza ambalo wasanifu walilichora ni namna ya kutowaondoa.

Miaka takribani 20 kabla ya hapo, mwaka 1996, manispaa ya mji huo huo iliwaomba wawili hao waupambe uwanja mdogo wenye miti uitwao Léon Aucoc. Waliutembelea mara nyingi, wakazungumza na wakazi, wakaangalia watu wanavyokaa kwenye mabenchi na wanavyocheza chini ya miti, kisha wakaandika kwamba uwanja ule tayari ni mzuri na haukuhitaji kusanifiwa. Walichopendekeza ni changarawe mpya, usafi wa mara kwa mara zaidi, na matunzo kwa ile miti. Manispaa ilikubali.